Mlingoti Uani kwa Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alizungumza nami kupitia mbwa. Nasema hivi mapema ili msomaji asidhani natania huko mbele. Mbwa mwenyewe aliitwa Polisi, alikuwa na rangi ya udongo na uvivu wa kupindukia, na kazi yake kubwa ilikuwa kulala kwenye kizingiti, katikati yetu sisi wawili: mama mkwe ndani mbele ya televisheni, mimi uani kwenye mlingoti wa antena.

"Polisi," angeita, "ambia huyo mtu picha imekatika."

Nami ningeugeuza mlingoti kidogo, halafu ningemwomba Polisi amwombe mama aangalie sasa. Polisi hakuwahi kunyanyua hata sikio, lakini ujumbe ulifika siku zote.

Kwetu Wakurya, na hasa kwa watu wa rika lake, mama mkwe na mkwewe hawatazamani usoni. Mkwe haingii nyumbani kwa mama mkwe, hali chakula mbele yake, na wakikutana kwenye njia nyembamba mmoja wao lazima ajitie majanini kama aliyedondosha kitu. Kupanda juu ya paa lake ni jambo ambalo hata mlevi halifikirii. Sasa mchukue mama wa namna hiyo, mshika mila kuliko wazee wa mila wenyewe, halafu umpe mkwe ambaye riziki yake ni kupanda mapaa ya watu. Ndiyo maana mlingoti ulisimama uani na si juu ya nyumba. Majirani wenye miguu myepesi walijitolea kupanda badala yangu, akawakatalia. Alisema ana fundi wake.

Huyo fundi ndiye mimi. Nilikuwa na kibanda sokoni Mugumu, na mbele yake niliandika kwa rangi nyekundu: CHANELI ZILIZOPOTEA ZINAPATIKANA HAPA. Nilizaliwa Mbalibali kwa watu wa ng'ombe, na baba yangu hakuwahi kuielewa kazi hii. Wageni wakimuuliza, aliwaambia mwanawe anauza fito za chuma. Lakini mitambo ya zamani ilipozimwa na kila mwenye televisheni akalazimika kutafuta king'amuzi, nilijiona nimeandikiwa bahati. Vijana wenzangu walikimbilia machimbo na sululu. Mimi nilikimbilia mapaa na bisibisi, nikiwacheka. Wengine kati yao sasa wana nyumba za ghorofa Tarime, na mimi bado nina bisibisi.

Nyumba ya mama mkwe ilikuwa upande wa Tarime, katika kijiji ambacho machimbo yalikifuata hadi mlangoni. Nilipooa, nyuma ya nyumba kulikuwa na mihogo na mtama. Misimu michache baadaye kulikuwa na karasha, zile mashine za kusagia mawe ya dhahabu, zikinguruma tangu asubuhi, na vijana weupe kwa vumbi wakipita na viroba mabegani. Aliwachukia wote, na aliwauzia uji wote. Dhahabu aliiita kitu cha kulaza watoto wa watu chini ya ardhi. Lakini kijana akija na njaa ya kweli, alimjazia kikombe cha pili na kumtukana huku akimimina. Ukimsikiliza ungedhani anawafukuza. Kesho yake walikuwa hapohapo kwenye benchi, wakitukanwa tena na kunywa.

Chuki hiyo ilikuwa na sababu yake, na sababu hiyo iliitwa Mwita, kitinda mimba wake. Mwita alichimba kwanza palepale nyumbani. Alipoona mashimo yana watu wengi kuliko dhahabu, akafuata rashi. Rashi ni neno la wachimbaji: uvumi ukitoka kwamba mahali fulani pametema dhahabu, watu wanamiminika huko, na wakichoka wanahamia kwenye uvumi mwingine. Mwita alihama hivyo, na kila mara alipiga simu kutoka mbali zaidi. Kisha siku moja namba yake haikupatikana, na haikupatikana tena.

Tangu hapo mama mkwe alitaka chaneli moja tu, ile ya habari. Kila shimo lilipoporomoka au rashi mpya ilipozuka, mwandishi alisimama na kipaza sauti, na nyuma yake wachimbaji walijipanga kumpungia mkono kila aliyekuwa upande wa pili wa kamera. Mama mkwe hakusikiliza mwandishi anasema nini. Alitazama wale wa nyuma, mmoja mmoja.

"Mwita anapenda kuonekana," alimwambia mke wangu, Rhobi. "Kamera ikifika alipo, atakuja mbele."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Kazi yangu mimi ilikuwa kuhakikisha mzazi huyo hakosi picha, na kwa kweli wangeweza kupata mtu wa afadhali.

Nilianza vibaya siku ileile ya kuchimba shimo la mlingoti. Nilichimba hadi gotini, nikarundika udongo kando, kisha nikaenda dukani kutafuta saruji. Pale ambapo watu wanaota mwamba wa dhahabu usiku na mchana, udongo mbichi hauachwi bila mlinzi. Mchimbaji mmoja aliyekuwa akinywa uji aliuona, akachukua konzi, akaulamba. Akamwambia mwenzake kwamba si kawaida mkwe kutoka Mugumu kuja kuchimba kwa mama mkwe wake kimyakimya. Niliporudi na mfuko wangu wa saruji begani, shimo la antena lilikuwa limemmeza mtu hadi kifuani, mwingine anatupa udongo nje, wa tatu yuko kwenye beseni anaosha, na foleni imeanza. Mama mkwe alikuwa ametoka na mwiko. Kwa watu hao hakuhitaji mbwa.

"Tokeni hapo! Hapo tunatafuta habari, hatutafuti dhahabu!"

"Mama, fundi amesema kuna nini chini?" aliuliza yule wa kwenye beseni.

"Fundi hajui hata kilicho juu!"

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya mti wa uzio, nimegeuza uso kama mila inavyotaka, na nilisikia kila neno. Tulifukia shimo lile jioni kwa saruji yangu yote na mawe ya kuazima. Kwa wiki nzima watu waliendelea kupita polepole karibu na mlingoti, wakiutazama chini, si juu.

Ukaja mkasa wa dikoda ya Migori, kama Wakenya wanavyokiita king'amuzi. Wakwe zangu wana ndugu wengi upande wa pili wa mpaka, na mmoja wao, mjomba wa Rhobi, alivuka Sirari na zawadi chini ya kwapa.

"Hii dikoda iko poa kabisa," alinihakikishia. "Wewe geuza tu eria iangalie kwetu."

Niligeuza antena. Picha ikaja safi, isipokuwa ilikuwa ya Kenya. Mtu mwingine angelalamika. Mama mkwe alifikiri kidogo, kisha nikasikia sauti kutoka ndani.

"Polisi, huko Kenya hakuna machimbo?"

Nilimjibu Polisi kwamba yapo, tena si mbali na mpaka.

"Basi aiache huko kwanza."

Akawa mtaalamu wa mambo ya Kenya. Alijua magavana wao na kesi zao, alijua nani amemtukana nani bungeni, na sokoni aligombana na watu kuhusu bei ya unga wa nchi asiyoishi. Baada ya muda akapata wasiwasi kwamba huenda Mwita yuko nyumbani Tanzania akipunga mkono wakati yeye anatazama Migori. Akaniita kutoka Mugumu. Nilifunga safari, nikafika na vumbi hadi kwenye kope.

"Polisi, ambia fundi aielekeze katikati. Ishike huku na huku."

Hapa ndipo fundi mwenye akili angeeleza kwamba antena si mtu wa kusikiliza mashauri ya pande mbili, na kwamba vingehitajika ving'amuzi viwili. Mimi nilikuwa mkwe, na mkwe habishi. Niliielekeza katikati, mahali ambapo hakuna mnara wowote, kuna vilima tu na ng'ombe. Chaneli zote zikaondoka kwa pamoja.

"Polisi," alisema mama mkwe kutoka ndani, "ng'ombe za mahari tulizoletewa zilikuwa nzuri. Kwa hilo hatulalamiki."

Baadaye nilimletea king'amuzi cha kwetu na kuirudisha antena upande wa Musoma, na kwa muda tulikuwa na amani. Kilichotusumbua sasa ni karasha. Ardhi ilitetemeka kutwa, na mlingoti, ambao saruji yake ilikuwa imechanganywa kwa haraka, ulijigeuza taratibu bila kuaga mtu. Dalili mama mkwe alizijua vizuri kuliko wateja wangu wote. "Watu wameanza kukatwa vipande," angemwambia Rhobi kwenye simu, na nilijua mlingoti umeanza safari. Akisema wamebaki sauti bila vichwa, nilipanda gari la kesho yake.

Siku moja alipiga simu akilia. Sikuwahi kumsikia akilia, hata kwenye msiba wa mumewe alitoa amri tu. Kulikuwa na habari ya rashi mpya, mahali fulani kusini. Nyuma ya mwandishi alisimama kijana amewapa mgongo, anamsaidia mwenzake kushusha kiroba. Mabega ya Mwita, alisema. Namna ya Mwita ya kusimama akiegemea mguu mmoja. Kijana akaanza kugeuka, shavu likaonekana, na hapohapo picha ikaganda, ikapasuka vipande vya mraba, ikazima. Ilipozinduka walikuwa wanasoma hali ya hewa.

Rhobi alimwambia mabega ya watu yanafanana. Yeye akajibu kwamba mama hahitaji uso mzima, ila alikuwa ameupata nusu na angependa kuumalizia. Nilisafiri kesho yake na saruji ya kweli. Nilitarajia maneno makali na nilikuwa nimejiandaa kuyastahimili. Nilikuta tu kwenye jiwe karibu na mlingoti sahani imefunikwa, ndani yake nyama ya kuchoma, ile ya ubavuni ambayo hupewa mgeni wa heshima, na ugali wa mtama. Nilikula nimeipa nyumba mgongo, kama inavyotakiwa, na nyama ilinishinda kumeza kwa aibu. Nikameza hivyohivyo, maana ilikuwa nzuri.

Ndivyo alivyokuwa. Hakuwahi kunisifu hata kwa Polisi, lakini jiwe lile halikuwahi kuwa tupu. Alisema televisheni ni sanduku la waongo, na aliifuta vumbi kila asubuhi kabla ya kufuta meza ya kulia. Nikimsalimu "Shikamoo mama" kutoka getini aliitikia "Marahaba" kwa sauti ya kawaida kabisa, halafu akajishtukia na kuongeza: "Polisi, ambia anayesalimia nimeitikia." Mvua ikinikuta kwenye mlingoti alimtuma Polisi aniambie nijikinge, wakati Polisi mwenyewe alikuwa amelala chini ya paa na mimi ndiye ninayelowa. Nilimpenda. Nilimpenda kwa mgongo, kwa kuwa upande huo pekee ndio niliruhusiwa kumgeuzia.

Mwaka ambao Rhobi alijifungua mtoto wetu wa pili, mvua za vuli zilikuwa nyingi na barabara ilikuwa mbaya, akakaa miezi bila kwenda kumwona mama yake. Nilikwenda mimi peke yangu. Simu zilikuwa zimeongezeka.

"Picha ina ukungu," mama mkwe alisema.

Nataka mtu yeyote aliyewahi kununua king'amuzi aisome tena kauli hiyo. Picha ya siku hizi haina ukungu. Ama inakuja safi, ama inakatika vipande, ama haiji kabisa. Chenga na ukungu viliondoka na mitambo ya zamani. Nilikuwa nawaeleza wateja jambo hilo kila siku pale kibandani, nikiwa nimeweka mguu juu ya kiti, kwa sauti ya daktari. Lakini mama mkwe aliposema ukungu, nilisema ni vumbi la karasha. Nikabadilisha waya. Aliposema ukungu umezidi, nilisema ni mawingu, nikabadilisha antena. Niliurefusha mlingoti hadi kunguru wakahamia, na kila safari nilirudi Mugumu nikimweleza Rhobi jinsi hali ya hewa ya Tarime ilivyo ngumu kitaalamu.

Safari ya mwisho ninayotaka kuieleza nilifika mchana, kabla ya habari za saa saba. Nilikuwa na kifaa kipya cha kupimia mawimbi. Nikakichomeka kwenye waya, mstari ukajaa hadi mwisho.

"Mama aangalie sasa," nilimwambia Polisi.

"Ukungu," alijibu kutoka ndani.

Niligeuza kulia, niligeuza kushoto, nikauzungusha mlingoti mzima hadi ukarudi ulipoanzia. Ukungu. Nikakata shauri kwamba televisheni yenyewe imekufa kioo, na kwa kuwa sikuweza kuingia, nilitoka kwenda kumwita jirani aingie aitazame kwa niaba yangu. Jirani hakuwepo. Niliporudi, karasha zilikuwa zimezimwa kwa ajili ya chakula na kulikuwa na utulivu usio wa kawaida. Mama mkwe alikuwa ametoka nje, amesimama mlangoni, rimoti mkononi. Nilikuwa nimeshapita geti. Nikageuza uso haraka na kuganda hapo nilipo, nikisubiri arudi ndani.

Hakurudi. Nilisikia hatua zake zikija moja kwa moja kwangu, zinaongeza kasi, rimoti ikaanguka. Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Mwita," alisema. "Mura wangu, mwanangu. Umekuja kwa miguu?"

Alinipapasa bega, akacheka, akasema nimekonda. Nikageuka nikamtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu nioe. Alikuwa mdogo kuliko sauti yake. Macho yake yalinielekea mimi lakini yalikuwa na utando mweupe katikati, yote mawili, na hata mtoto angeona. Kila mtu angeona, isipokuwa mtu aliyekatazwa kutazama, ambaye pia alikuwa na kifaa cha kupimia.

"Mama," nilisema, "ni mimi. Mkwe wako."

Mikono yake ililegea. Nikadhani ataniachia na kukimbia, nami nilikuwa tayari kukimbilia upande wa pili. Alisimama akihema. Kisha akanishika tena.

"Basi yameshatokea," alisema. "Tutachinja mbuzi, wazee watasema watakayosema."

"Mama, macho yameanza lini?"

"Tangu mvua."

"Ulisema ni picha."

"Nilijua si picha." Hakumtaja Polisi. Aliniambia mimi. "Nikisema ni macho mtaizima. Mtasema bibi haoni, televisheni ya nini. Lakini ukiwa hapo unageuza hiyo chuma, nakaa naamini kuna siku itafika pale alipo."

Nilimwambia Mugumu kuna hospitali, na kwamba macho ya namna hiyo huenda yakasafishwa. Alisema sawa, tutakwenda, lakini habari zinaanza. Akanivuta. Polisi alinyanyuka kizingitini mwenyewe akatupisha, na mimi, mtoto wa watu wa Mbalibali, nikaingia nyumbani kwa mama mkwe wangu nikiwa nimeinama kama mwizi.

Televisheni ilikuwa ndogo, imewekewa kitambaa cha kufuma, na picha yake ilikuwa safi ajabu. Sijawahi kufunga nyingine inayoonyesha vile. Alinikalisha kwenye kiti chake, yeye akakaa sakafuni kando yangu, akaanza kunifundisha sura ya mwanawe. Nilikuwa nimemwona Mwita siku za mahari tu, kijana mmoja kati ya wengi. Akanieleza paji la uso, kovu juu ya nyusi ya kushoto alilolipata kwa pembe ya ndama, sikio moja lililosimama kuliko jingine. Alinionyesha kwa vidole vyake usoni pake mwenyewe. Alipofika kwenye shavu alisita kidogo, akaendelea.

Mwandishi akatokea, nyuma yake shimo na watu wengi wenye vumbi.

"Wapo?" aliuliza.

"Wapo, mama. Wengi."

"Sogeza kiti, mkwe," alisema. "Usije ukampita."